Mama kaambiwa afungwe vyuma kiunoni kwa "tundu dogo". Waliopitia, naomba mwongozo

Binti_Moro: Wakuu, habari zenu. Mama ni fundi cherehani hapa Morogoro. Mguu wa kushoto unawaka moto kuanzia kalio hadi kidole gumba. Akienda sokoni lazima achuchumae njiani ndiyo apate nafuu. Kipimo cha MRI kimeonyesha pingili ya nne ya kiuno (L4) imeteleza mbele juu ya ya tano (L5) na kubana mishipa ya fahamu. Vidonge, mazoezi na sindano vimegonga mwamba. Daktari anataka kuziunganisha pingili kwa matundu madogo. Shangazi kaapa kwamba mgongo ukiguswa mama atapooza. Je, tundu dogo ni salama zaidi au ni bei tu?

Dereva_Tunduma: Pole kwa kuuguza, dada. Mimi nimefanyiwa hiyohiyo, pingili hizohizo. Usidanganyike na jina: tundu dogo, kazi kubwa. Ndani nina skrubu nne na vijiti viwili vya titani, na katikati ya pingili, ilipotolewa diski (ule mto laini unaozitenganisha), kimewekwa kikasha chenye vipande vya mfupa. Tofauti ni njia ya kuingilia. Wanapenyeza bomba katikati ya nyuzi za misuli badala ya kuibandua kwenye mfupa, huku wakiongozwa na eksirei. Damu inayomwagika ni kidogo, na wodini hukai sana. Kesho yake tu nilisimamishwa.

Moto wa mguu ulizimika mapema. Kiuno ndicho kilinitesa, na zaidi yake tajiri wangu: kaona kovu la urefu wa kidole, anauliza gari nalichukua lini! Mfupa kuungana ni miezi sita hadi mwaka. Vyuma vinaushikilia tu wakati huo.

Halafu, choo chenu ni cha kuchuchumaa? Tafuteni kiti mapema. Hilo hakuna aliyeniambia.

Binti_Moro: Asante kaka. Choo ni cha shimo, ndiyo. Na mama ana sukari, na ugoro hajauacha.

Mnyoosha_Viungo: Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia. Ugoro auache kabla, maana nikotini inazuia mfupa kuungana. Sukari ikiwa juu, kidonda huingia vijidudu kirahisi. Shangazi mwambieni uti wenyewe wa fahamu, unaopita ndani ya mgongo, huishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno (L1 au L2). Huko chini ni mishipa ya fahamu tu. Mshipa unaweza kujeruhiwa, skrubu inaweza kukaa vibaya, ila kupooza kabisa ni nadra. Kuhusu bei: mwaka ukishapita, matokeo ya njia zote mbili hukaribiana. Kwa hiyo muulizeni daktari yeye amezoea ipi.

Lakini mama akipata ganzi sehemu za siri, au mkojo ukimshinda, msingoje miadi. Hospitali usiku huohuo.

Dereva_Tunduma: Kiti cha choo seremala anachonga, dada. Mwambie akiinue, kile cha kwanza changu kilikuwa kifupi, nikawa nanyanyuliwa na mke wangu.