Naomba ushauri: 'sorry' ni pole au samahani?

Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Natunza wazee hapa Uingereza, huu mwezi wa nne. Juzi bibi mmoja alijikwaa kwenye zulia, mimi nikiwa upande wa pili wa chumba. Nikakimbilia kumwinua huku nikisema 'sorry, sorry', kama ambavyo kwetu Tanga ningesema pole bibi, pole. Msimamizi akaniuliza nimemfanya nini hadi namwomba radhi. Niliumia sana.

Najua neno hilo limebeba pole na samahani kwa pamoja, na asili yake ni moja na 'sore', yaani kidonda au maumivu. Msibani wanasema 'I'm sorry for your loss' na hakuna anayedhani umeua. Wakipandisha sauti, 'sorry?', maana yake sikusikia, rudia. Sasa kwa aliyejikwaa, aliyechoka, au uliyemkuta kazini, mnasema nini? Nimeshauriwa niseme 'are you all right?', lakini hilo ni swali, halimpi mtu pole. 'Sorry to hear that' nayo ni ya habari uliyosimuliwa, si ya jambo uliloliona kwa macho.

Mliokaa huku miaka mingi, naombeni mnisaidie: Mwingereza anapewaje pole akaipokea kama pole?