Aliitikisa! Barolo ya mwaka 2004 aliitikisa kama dawa ya kikohozi!

Mlinzi wa Kizibo (mwanzilishi wa uzi)

Ndugu wanajukwaa, naandika mikono ikiwa bado inatetemeka, kwa sababu jambo nililoliona jana usiku mezani pangu hapa Kileleshwa sijawahi kuliona tangu nianze kunywa mvinyo. Asubuhi hii, kabla hata sijamaliza kuosha glasi, mhusika ametuma ujumbe kwenye kundi letu akidai arudishiwe mchango wake. Sitamtaja, na wala hakuna haja. Kila aliyewahi kuandaa chakula cha jioni katika jiji hili anamjua. Ni yule anayefika wa kwanza, akaketi karibu na sufuria, na kumwondoa pale kunahitaji trekta.

Tulikuwa watu 8, na kwa miezi sita tulichanga kidogo kidogo, shilingi 12,000 kila mmoja, hadi tukapata chupa 4 za mvinyo mwekundu uliokomaa: Barolo ya mwaka 2004 kutoka Italia, Rioja ya mwaka 2001 kutoka Hispania, Bordeaux ya mwaka 2000 kutoka Ufaransa, na kaberne, yaani mvinyo wa zabibu ya Cabernet Sauvignon, ya Stellenbosch, Afrika Kusini, ya mwaka 2003. Kila chupa niliivisha soksi mpya ya shule na kuitia namba, ili tuonje bila kujua ni ipi, kwa kuwa mtu akishaliona jina, ulimi wake huanza kuitii karatasi iliyobandikwa kwenye chupa.

Mvinyo wa miaka 20 si juisi. Tanini, ile inayokausha ulimi kama chai kali, na rangi iliyotoka kwenye maganda ya zabibu huungana polepole mwaka baada ya mwaka, zikawa nzito, zikashuka chini ya chupa na kuwa mashapo, na mashapo hayo ni machungu kama majani ya chai yaliyochemshwa mara ya tatu. Ndiyo maana chupa kama hiyo husimamishwa wima siku moja au mbili kabla ya kufunguliwa, kisha ikamiminwa taratibu mbele ya mshumaa, na mashapo yakikaribia shingo, mkono unasimama. Mimi nilizisimamisha chupa zangu tangu Jumatano. Nyumba nzima iliishi kama kuna mgonjwa mahututi. Hakuna aliyefunga mlango kwa nguvu, na watoto walipita karibu na kabati lile kwa ncha za vidole.

Basi nikaingia jikoni kuitazama nyama ya kondoo. Sikukaa hata dakika mbili. Niliporudi nilimkuta amesimama, ameikamata chupa namba 3 shingoni, kizibo kikiwa bado hakijang'olewa, na anaitikisa. Anaitikisa! Juu chini, juu chini, kama mzazi anayemwandalia mtoto dawa ya kikohozi, huku ile soksi ikipigapiga hewani. Nilipiga yowe ambalo naamini lilisikika hadi Westlands. Yeye akanigeukia bila haraka na kuniambia kwamba kuna kitu kimelala chini, na kitu kilicholala chini sharti kichanganywe.

Chupa namba 3 ndiyo iliyokuwa Barolo. Imetengenezwa kwa zabibu ya Nebbiolo, yenye tanini nyingi na rangi nyepesi, na sheria ya kwao haikuruhusu iuzwe kabla ya kulelewa angalau miaka 3. Baada ya hapo ikalala gizani miaka mingine mingi, ikavuka bahari, ikafika Nairobi salama, ikasimama kabatini kwangu siku 3 bila kuguswa na hata nzi. Halafu ikatikiswa.

Hatukuweza kusubiri itulie tena, kwa sababu mashapo laini yakishavurugwa huhitaji siku kadhaa, na chupa nyingine 3 zilikuwa tayari ziko wazi. Mvinyo mzee ukifunguliwa haumngojei mtu. Ile harufu yake ya ngozi, tumbaku na uyoga unaweza kuikosa baada ya saa moja tu. Tukaimimina hivyo hivyo. Ilitoka kama maji ya Mto Nairobi baada ya mvua ya Aprili. Naye, yeye mwenyewe aliyeitikisa, akaonja, akakunja uso, akatangaza mbele ya wageni wangu kwamba nimewauzia mvinyo wenye mchanga. Leo anataka shilingi 12,000 zake. Nasema aliitikisa! Niambieni, mtu wa namna hii anastahili kuketi mezani pa nani?

Mgeni Namba 5

Nilikuwepo na nathibitisha kila neno, isipokuwa kwamba hakuitikisa kwa mkono mmoja. Aliitikisa kwa mikono miwili. Mimi nilikuwa nimeketi kando yake na nilidhani anafanya mzaha, hadi nilipoona jasho. Huyu ndiye yule yule ambaye mwaka jana, katika chakula cha Kilimani, alizichungulia chupa zote chini ya karatasi kabla ya kuonja, kisha akajifanya ameutambua mvinyo wa Bordeaux kwa kunusa. Kazi ya kuficha majina si mchezo wa watoto. Mwaka 1976 mjini Paris, waonjaji Wafaransa walipewa mvinyo bila kuonyeshwa majina, na kaberne ya mwaka 1973 ya Stag's Leap kutoka California ikaishinda Mouton ya mwaka 1970, mvinyo maarufu wa Bordeaux. Kama mtu huyu angekuwepo siku ile, angeingia chumbani akizitaja chupa zote kwa sauti.

Mzee wa Ngong Road

Mwanzilishi wa uzi, pole, lakini lawama yote ni yako. Uliiacha chupa ya thamani kiasi hicho mbele ya mtu unayesema jiji zima linamjua, ukaenda jikoni. Umemkabidhi fisi bucha, halafu unakuja kutulilia kwamba mifupa imepotea. Tena hebu tuseme ukweli: mngeitambua Barolo hiyo hata kama isingetikiswa? Kuna utafiti uliochapishwa mwaka 2001, ambapo wanafunzi 54 wa masomo ya mvinyo huko Bordeaux walipewa mvinyo mweupe uliotiwa rangi nyekundu, nao wakaueleza kwa maneno yanayotumiwa kwa mvinyo mwekundu. Kama hao walidanganywa na macho, ninyi wa Kileleshwa wenye soksi za shule mngefika wapi?

Mlinzi wa Kizibo (mwanzilishi wa uzi)

Mzee wangu, shikamoo, lakini unaniumiza. Sijaleta hapa habari ya nani ana ulimi mzuri. Hata kama sisi wote 8 tungekuwa hatuna ulimi kabisa, bado chupa ile haikuwa na kosa lolote. Ilikuwa imesimama. Aliitikisa.

Binti wa Nyali

Ninyi wa Nairobi mnalalamika huku mmebarikiwa. Mnaishi kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700, na Julai mnavaa makoti ndani ya nyumba. Sisi Mombasa tufanyeje? Mvinyo hutaka kukaa kwenye nyuzi 12 hadi 14 hivi, nami chumba changu hakijui nyuzi hizo hata usiku wa manane. Shemeji yangu aliniletea Rioja nzuri sana, nikaitunza miaka 4 kwa mapenzi yote, na nilipokwenda kuifungua nikakuta joto limekisukuma kizibo nje, mvinyo umechuruzika, na uliobaki una ladha ya jamu iliyoungua. Hakuna aliyeitikisa. Jua peke yake lilitosha. Mimi ndiye ningepaswa kufungua uzi.

Mnunuzi Aliyechoka

Joto la Mombasa ni kazi ya Mungu, lakini la madukani ni kazi ya binadamu, na hilo ndilo linalonichoma. Kuna duka moja hapa mjini, wanajukwaa wote mnalijua, linalosimamisha chupa za mvinyo dirishani, chini ya taa kali, miaka nenda miaka rudi. Kusimama siku 3 ili mashapo yatulie ni sawa. Kusimama miaka 3 ni kukikausha kizibo, kikasinyaa, hewa ikaingia. Nilinunua pale chupa ya mwaka 2008 kwa pesa ambazo ningelipia karo. Kizibo kilivunjikia ndani kama biskuti, na nilichokimimina kilikuwa siki ya kuwekea kachumbari. Nilipoirudisha, muuzaji aliniambia kwamba mvinyo mzee ndivyo ulivyo!

Mkulima wa Dodoma

Nimesoma hadi hapa nikingoja kuona chupa ya Afrika Mashariki, na sijaiona. Chupa 4, Italia, Hispania, Ufaransa na Afrika Kusini, ilhali Dodoma tunavuna zabibu mara 2 kwa mwaka na tuko upande huu huu wa dunia. Hii ni dharau kubwa kuliko ya kutikisa chupa.

Mgeni Namba 5

Ndugu wa Dodoma, hakuna aliyekudharau. Jana tulitafuta mvinyo wa miaka 20, na kama unayo chupa ya Dodoma yenye umri huo, ilete nami nitaivisha soksi kwa mikono yangu. Linalonikera mimi ni kwamba kutoka Stellenbosch tuliletewa kaberne, zabibu ya Wafaransa, wakati zabibu ya Pinotage ilizaliwa pale pale mwaka 1925, Profesa Abraham Perold alipochavusha zabibu mbili, Pinot Noir na Cinsaut, akapata chotara. Nililisema hili kwenye kundi tangu mwezi wa pili na nikanyamazishwa.

Mzee wa Ngong Road

Pinotage inanuka mpira wa gari ulioungua. Ulinyamazishwa kwa haki.

Mgeni Namba 5

Mzee, kwa heshima zote, hiyo ni Pinotage ya bei ya chini iliyotengenezwa vibaya. Usiitukane zabibu nzima kwa ajili ya chupa uliyopewa harusini.

Mlinzi wa Kizibo (mwanzilishi wa uzi)

Jamani, naomba turudi kwenye chupa namba 3. Ametuma ujumbe mwingine sasa hivi. Anasema akirudishiwa nusu ya pesa atakuwa tayari kunisamehe. Kunisamehe mimi!

Mgeni Namba 2

Na mimi nilikuwepo, na kwa kuwa kila mtu anatoa lake, nami nitoe langu. Mwenyeji alitupigia marufuku kachumbari. Alisema siki na pilipili vitaua ulimi kabla ya kuonja, na akaahidi kwamba tukishapiga kura kachumbari italetwa. Baada ya lile yowe la chupa, hakuna aliyeikumbuka. Nilikula nyama ya kondoo kavu, na ugali, bila hata kipande cha nyanya, nikiwa nimelipa shilingi 12,000.

Binti wa Nyali

Kondoo bila kachumbari? Hapo mwenyeji amekosa kabisa.

Mnunuzi Aliyechoka

Amekosa sana. Ile siki yangu ya mwaka 2008 bado ninayo, kama angeniuliza.

Mzee wa Ngong Road

Mgeni Namba 2, huyo kondoo alipikwa kwa saa ngapi, na alitiwa rozmeri au tangawizi tu?