Mrejesho: kihisi cha uvamizi kilichokuwa kikimaliza memori

Wakuu, narudi na majibu kama nilivyoahidi. Niliuliza kwa nini kihisi chetu cha kugundua uvamizi wa mtandao, chenye memori ya GB 16, kilikuwa kikijaa ndani ya siku 3 hadi Linux inaizima kwa nguvu Suricata yenyewe, yaani programu inayofanya kazi hiyo ya kugundua uvamizi.

Aliyeniambia nisitishwe na asilimia ya jumla ya memori iliyotumika alikuwa sahihi. Sehemu yake kubwa ilikuwa kashe ya diski (nakala za data za diski zinazowekwa memorini kwa muda), ambayo Linux huiachia programu zikihitaji. Nikahamia kwenye takwimu za Suricata, na hapo ndipo nilipogutuka: miunganisho iliyo wazi ilikuwa mingi mno, hata usiku wa manane watu wakiwa wamelala.

Kumbe mlango wa swichi (kifaa kinachounganisha mashine za mtandao) unaokinakilia kihisi trafiki ya mtandao ulikuwa unaleta upande mmoja tu. Kihisi kinaona maombi, majibu hakioni, basi kila muunganisho unabaki memorini mpaka muda wake uishe. Juu ya hapo, vikomo vya memori vya Suricata nilikuwa nimevipandisha mwenyewe kupita uwezo wa mashine. Na kila usiku kanuni zake za kutambua mashambulizi zinapopakiwa upya bila kuzima programu, za zamani na mpya hukaa pamoja kwa muda. Saa hiyo ndiyo Suricata ilikuwa ikizimwa.

Nimerekebisha swichi, nikashusha vikomo, nikazima kanuni za huduma tusizokuwa nazo. Leo ni siku ya 12, memori imetulia kwenye GB 9 na pakiti (vipande vya data ya mtandao) hazidondoki. Asanteni sana, mmeniokoa kweli.