Wateja wanataka kaveera (mifuko ya plastiki), mpakani zinakamatwa: nifungashe vipi chakula?

MpishiWaMpakani:
Habari zenu, ndugu zangu. Nina mgahawa mdogo Mutukula, upande wa Uganda, na zaidi ya nusu ya chakula ninachopika huliwa mahali pengine, kwa kuwa wanunuzi wangu ni madereva wa malori wanaosubiri karatasi zao, vijana wa bodaboda, na akina mama wanaovuka kwenda Tanzania na kurudi siku hiyo hiyo. Kwa miaka mingi nimefungasha katika kaveera, matooke katika moja na maharage katika nyingine, kwa sababu haivuji na bei yake haifiki popote. Juma lililopita wateja wawili walinyang'anywa mifuko upande wa pili, na mmoja alirudi na mchuzi umemwagikia kitenge chake, akanilaumu mimi. Nilijaribu mifuko ya karatasi, lakini mchuzi wa karanga uliilowesha ikapasuka kabla mteja hajafika barabarani. Nifanye nini ili nisivunje sheria wala nisipoteze wateja?

DukaBusia:
Dada, pole. Tenganisha kwanza sheria mbili ambazo watu huzichanganya. Kwetu Uganda, Sheria ya Taifa ya Mazingira ya 2019 inakataza mifuko ya plastiki yenye unene wa chini ya maikroni 30 (maikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita). Tanzania, tangu tarehe 1 Juni 2019, imekataza mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ya unene wowote, isipokuwa vifungashio maalumu kama vile vya dawa, vya bidhaa za viwandani na vya kilimo. Kwa hiyo ile kaveera nene unayouziwa kwa maelezo kwamba ni halali inaweza kuwa halali mezani pako, lakini hatua chache mbele ni kosa.

Ukitaka kujua unene bila chombo cha maabara, panga mifuko 50 iliyonyooshwa, epuka mikunjo ya ubavuni, ibane sana kisha pima kwa rula. Kwa kuwa kila mfuko una pande mbili, hizo ni tabaka 100, na kwa maikroni 30 zinapaswa kufika milimita 3. Mimi nilipima mzigo niliouziwa kama "ile nene" nikapata milimita moja na nusu, na tangu siku hiyo simwamini msambazaji kwa maneno matupu.

BibiWaMasaka:
Mwanangu, matooke yanapikwa ndani ya majani ya migomba, kisha mnayatoa humo na kuyatia katika plastiki! Chukua jani bichi, ondoa uti wake wa kati, lipitishe juu ya moto hadi lilegee na kung'aa, ndipo ufunge. Lisipopashwa moto litachanika. Linafaa kwa matooke, wali, mihogo na nyama kavu. Mchuzi halitaushika, hilo nakubali. Nawaomba pia wanaofunika sufuria kwa kaveera badala ya majani waache, kwa sababu plastiki ile haikutengenezwa ili ichemshwe pamoja na chakula.

MkaziWaBwaise:
Naheshimu mawazo yenu, lakini mnamtwika mama mmoja mzigo wa nchi nzima. Mifuko myembamba imepigwa marufuku tangu bajeti ya 2009, na bado ninapewa kila ninaponunua nyanya. Jirani yake akiendelea kutoa kaveera bure, wateja watahamia huko. Isitoshe, mtu anayenunua mafuta ya kupikia ya shilingi mia tano hupimiwa katika kijikaveera kilichofungwa fundo, na hana chupa mkononi wala fedha ya kununua lita nzima. Nasema haya nikiishi mahali ambapo mitaro ikizibwa na mifuko hiyo, mvua ya saa moja hutuingizia maji hadi chini ya kitanda, kwa hiyo msidhani ninaitetea plastiki. Ninachouliza ni kwa nini msako uanzie kwa mwuza chakula na usianzie kiwandani.

KantiniYaGereji:
Swali lako ni la haki, ndugu, lakini mgahawa wake unafunguliwa kesho asubuhi. Mimi nilinunua mikebe 40 yenye vifuniko vinavyobana, nikaweka rehani ya shilingi 5,000 kwa kila mmoja, inayorudishwa mkebe ukirudi. Nimepoteza michache, ila rehani ilifidia. Mteja akileta bakuli lake mwenyewe, namwongezea upawa mmoja wa maharage, na hilo ndilo lililowavuta kuliko maneno yoyote ya mazingira. Vifuniko vyako vitie alama ya rangi, la sivyo utarudishiwa vya watu wengine.

MpishiWaMpakani:
Nimewaelewa, na asanteni. Madereva hupita kwangu kila juma, kwa hiyo nitaanza na mikebe kwao. Akina mama wa mpakani nitawafungia vyakula vikavu kwa majani, na mchuzi waje na vyombo. Anayepita mara moja tu na anataka mchuzi nitamwomba ale hapa hapa, na akikataa nitakubali hasara hiyo. Bibi, majani yaliyokatwa hukaa siku ngapi? Migomba yangu iko mbali na mgahawa.

BibiWaMasaka:
Yangu hudumu siku mbili nikiyaviringisha katika kitambaa chenye unyevu na kuyaweka kivulini. Usiyapashe moto mapema. Pasha yale utakayoyatumia asubuhi hiyo.