Mrejesho: tope la ziwani na maporomoko ya zamani

Assalamu alaykum. Niliuliza wataalamu wa milima ya Alps wanajuaje maporomoko ya tope na mawe yaliyopita zamani, kwa kutazama tope la ziwa tu. Aliyeniambia nizamishe bomba la plastiki bwawani kwetu Wete nijionee mwenyewe, Mungu amlipe.

Nilizamisha, nikalitoa bomba limejaa tope, nikalipasua kwa msumeno. Katikati ya tope jeusi pana utepe mwekundu, unene wa kidole: chini chengachenga za mchanga, juu laini kama unga. Maji yakishusha udongo kwa kishindo, kizito hutua mwanzo. Kaka anashikilia kuwa ndiyo masika lilipomeguka shamba la mikarafuu kule juu. Labda, utepe mmoja haunitoshi.

Wataalamu hao hupima na umri wa tabaka. Sesiamu-137, chembe ya mionzi iliyotawanywa na majaribio ya mabomu ya nyuklia na kufikia kilele mwaka 1963, huonyesha tabaka changa. Za kale hupimwa kwa kaboni-14, kaboni ya mionzi iliyomo kwenye mabaki ya mimea, ambayo hupungua kadiri miaka inavyopita. Jani lina faida kuliko gogo, kwani gogo laweza kuwa lilizikwa mlimani karne nzima kabla ya kusombwa, likaonyesha umri mkubwa kuliko poromoko lenyewe. Tena si kila poromoko hufika ziwani, mengine huishia njiani.

Bomba jengine nitalizamisha upande mkondo unapoingilia.