Vitabu vya anthropolojia: tuvipange kwa jamii au kwa mada?

Swali
Ndugu wakutubi, nimekabidhiwa maktaba ndogo ya utafiti, karibu yote ya anthropolojia, iliyopangwa kwa Mfumo wa Dewey, unaokipa kila kitabu namba ya mada yake. Mtafiti wa jamii moja hulazimika kuzunguka chumba kizima, kwa kuwa kitabu cha ukoo kipo 306, cha sherehe za jando 392, cha ngano 398, na sarufi ya lugha ya watu hao hao ipo upande wa 400. Juzi mwanafunzi mmoja alikusanya vitabu sita kutoka rafu tano. Je, nivipange upya kwa jamii, au nitaharibu kazi ya walionitangulia?

Jibu la kwanza
Vipange upya bila wasiwasi. Dewey aliugawa ujuzi wote kwa ajili ya maktaba ya kila kitu, ilhali yako ina fani moja. Mradi wa Human Relations Area Files, unaokusanya maandishi kuhusu jamii za dunia na ulioanzishwa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, mwaka 1949, huipa kila jamii alama yake kufuatana na eneo, kisha huwekea alama za mada hata aya moja moja ndani ya maandishi. Kitabu hukaa mahali pamoja tu, lakini katalogi, yaani orodha ya vitabu vya maktaba, inaweza kukielekezea kutoka mada kumi. Kwa hiyo rafu ifuate eneo na jamii, na mada ziachiwe katalogi. Vitabu vya nadharia na vya mbinu za utafiti vitengewe rafu yake. Usigawe kwa mipaka ya nchi, maana Wasami, wenyeji wa kaskazini mwa Ulaya, kwa mfano, wako Norwei, Uswidi, Ufini na Urusi, nawe hutaki kuwatawanya tena. Namba mpya iandike kwa penseli, na ile ya zamani ibaki kwenye rekodi.

Jibu la pili
Naafiki, ila kabla ya kuandika lebo hata moja, kagua majina. Kadi za zamani za katalogi hujaa majina ambayo jamii zenyewe hazikujiita, kama “Hottentot” kwa Wakhoikhoi wa kusini mwa Afrika, ambalo leo ni tusi. Anwani ya kitabu huachwa ilivyochapishwa, lakini kichwa cha mada, yaani jina la mada kwenye katalogi, kitumie jina ambalo wenyewe wanalikubali, na lile la kale lielekeze huko ili msomaji wa marejeo ya zamani asipotee. Brian Deer, mkutubi wa Kanada wa jamii ya wenyeji ya Wamohawk, alitunga mfumo mzima wa kupanga vitabu katika miaka ya 1970 kwa sababu mifumo iliyokuwapo haikuwatazama watu wake walivyojitazama. Jambo hili naliona zito kuliko rafu.

Jibu la tatu
Naongeza kuhusu daftari za uwandani, yaani zile watafiti walizoandika walipokuwa katika jamii, iwapo unazo. Zisichanganywe na vitabu. Ondoa pini za chuma, kwani kutu hula karatasi, na uziweke kwenye makasha yasiyo na asidi. Zenye habari za miiko au ibada za siri zisifunguliwe kwa kila mgeni kabla wenye mila hiyo hawajaulizwa.

Mwuliza swali
Nashukuru sana. Daftari ninazo, na mbili kati yake zimeshaanza kutu kwenye pini. Nitaanza na hizo kesho asubuhi, rafu zitafuata.