Diklofenaki kwa mgonjwa wa presha: wiki mbili tu zina madhara?

Muulizaji: Wakuu, mgonjwa ana miaka 68. Presha imetulia kwa enalaprili 10 mg na haidroklorothiazidi 25 mg, kila moja mara moja kwa siku. Magoti yanamuuma, anataka vidonge vya maumivu vya diklofenaki 50 mg, kutwa mara tatu kwa wiki mbili. Vidonda vya tumbo hana. Nimpe?

Mfamasia: Usimpe. Hapa figo ndizo za kuhofia kuliko tumbo. Figo huchuja kwa shinikizo la damu lililo kati ya mshipa unaoingia kwenye chujio na ule unaotoka. Prostaglandini, kemikali zinazotengenezwa na mwili wenyewe, huupanua unaoingia. Diklofenaki ikizizuia, mshipa unabana. Enalaprili nayo inaulegeza unaotoka, na haidroklorothiazidi imeshapunguza maji na chumvi mwilini. Damu inaingia kidogo, inatoka kwa urahisi, shinikizo linaanguka. Kreatinini (taka ambayo figo hutoa kwenye damu) na potasiamu (madini ya damu) hupanda huku mgonjwa hahisi kitu. Tena hatari ni kubwa zaidi ndani ya siku 30 za mwanzo, kwa hiyo hizo wiki mbili hazimlindi hata kidogo. Ibuprofeni ni yale yale.

Jambo jingine linalosahaulika: diklofenaki na ibuprofeni hupandisha presha. Mgonjwa anarudi na presha juu, anaongezewa dawa ya tatu, kumbe cha kuondoa kilikuwa kidonge cha maumivu.

Muulizaji: Nashukuru. Na parasetamoli ile ya kuyeyusha kwenye maji?

Daktari: Hiyo hapana, ina sodiamu (chumvi) nyingi. Ya kumeza sawa: 500 mg hadi 1 g kila baada ya saa 6, isizidi 4 g kwa siku, na chini ya hapo kama ana uzito usiofika kilo 50 au ini lina shida. Ila kwa goti nafuu yake ni ndogo, mwambieni ukweli. Mimi ningeanza na jeli ya diklofenaki ya asilimia 1, gramu 4 kwa kila goti mara nne kwa siku; ikipakwa goti moja, inayoingia kwenye damu ni kama asilimia 6 tu ya ile ya vidonge. Pamoja na mazoezi ya misuli ya paja. Kama ameshameza vidonge vya diklofenaki, asimamishe, apimwe kreatinini na potasiamu.

Muuguzi: Muulizeni pia dawa za mafua anazojinunulia, baadhi zina ibuprofeni ndani. Na akiharisha au kutapika, awasiliane nanyi siku hiyo hiyo: kwa kawaida enalaprili na haidroklorothiazidi husimamishwa mpaka ale na kunywa vizuri kwa saa 24 hadi 48.